Kifuko cha Mtani

Utani una sheria zake, na ya kwanza ni kwamba mtani hakasiriki. Mngoni akimnyang'anya Mhehe kofia njiani, Mhehe atacheka, kisha ataikomboa. Mhehe akimdhihaki marehemu wa Kingoni mbele ya jeneza, wafiwa watafuta machozi na kutabasamu. Wazee walipigana mpaka wakachoka, ndipo wakatuachia utani. Ila hawakutuambia mtu afanye nini siku ambayo hatanii.

Faustina alikuwa Mhehe wa Iringa, tena wa kujidai, na Mungu alikuwa amempa Mngoni wake mwenyewe. Marcelino alitoka Songea. Wote wawili waliuza mbegu na mbolea katika duka moja la pembejeo pale Uyole, na haikupita siku bila kuraruana. Wateja walikuja kununua dawa ya mahindi wakabaki kusikiliza. Nusrat, binti wa mwenye duka, alikaa kaunta akiwaamua kama refa.

Siku ya Nyerere duka lilifungwa, wakaamua watatu hao kupanda mlima Loleza. Mvua za Oktoba zilikuwa bado, lakini maua madogo ya njano yalikuwa yameshachomoza kwenye nyasi zilizoungua, na Nusrat alitaka kupiga picha. Chini ya mlima walimkuta muuza chakula mmoja, Mama Tupokigwe, akikaanga viazi. Marcelino akavua kifuko chake cha begani ili anawe mikono. Kosa. Faustina alikidaka, akampa yule mama.

"Mama, huyu mtani wangu. Mpaka alete kuku ndiyo apate. Na hata nikirudi mimi mwenyewe nalia, usinipe. Ujue amenituma huyo."

Mama Tupokigwe alicheka mpaka akashika kiuno, akakitia kifuko chini ya khanga yake.

"Faustina, nipe bwana," alisema Marcelino.

"Kuku."

"Tangu lini Mhehe akataka kuku na mbwa wapo?"

Wakacheka wote, maana Wahehe husingiziwa kula mbwa, na kwa kicheko hicho Marcelino akawa amejifunga mwenyewe. Maana ndani ya kifuko mlikuwa na dawa yake ya pumu, ile ya kuvuta kwa mdomo. Dukani hakuna aliyejua kwamba anaumwa. Alikuwa ameificha pumu yake kwa sababu alimjua Faustina: angepewa hata jina jipya kwa ajili hiyo. Angeweza kusema pale pale. Akaona aibu, akaufuata mlima mikono mitupu.

Njia ya Loleza haina huruma. Inapanda moja kwa moja kama ngazi iliyoegemezwa ukutani, na mahali pengine unashika nyasi ndipo usogeze mguu. Juu zaidi walikutana na moshi. Mtu alikuwa amechoma shamba bondeni na upepo ukaupandisha wote kwao. Marcelino akaanza kubaki nyuma.

"Turudi tukakichukue kifuko kwanza," alisema. "Kweli, Faustina."

"Babu zako walitoka Afrika Kusini kwa miguu, hawakuwa na kifuko!"

Marcelino alicheka. Kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi hakikuisha.

"Dada Fau, mhurumie mwenzio," alisema Nusrat.

"Wewe huwajui Wangoni. Anatafuta pa kupumzikia huyo."

Hatua chache mbele walisikia jiwe likiporomoka, wakageuka. Marcelino alikuwa amekaa chini, mikono magotini, mabega yakipanda na kushuka, na kifua kikipiga filimbi. Midomo ilikuwa ya rangi ya majivu. "Pumu," alisema. Akavuta pumzi, haikuja. "Dawa... kifukoni."

Na hapa ndipo panapouma. Hata hapo Faustina alisimama akimtazama, akisubiri acheke.

Nusrat ndiye aliyepiga kelele. "Kimbia!"

Faustina alikimbia. Aliteleza kwa makalio, akaanguka, akachanika goti, akainuka. Njia nzima alisema "Mungu wangu, Mungu wangu," na katikati ya maneno hayo alijilaani kwa Kihehe, lugha ya mama yake. Alipofika chini machozi na vumbi vilikuwa vimemchora usoni.

"Mama, nipe kifuko! Anakufa!"

Mama Tupokigwe alipiga makofi kwa furaha. "Eee! Si ulisema utakuja unalia? Kuku yuko wapi?"

"Siyo utani, mama!"

"Na hivyo ndivyo watani wanavyosema."

Faustina akapiga magoti. Akanyoosha mikono yote miwili akiomba. Yule mama akazidi kucheka, akawaita na majirani waje waone Mhehe anavyojua kulia. Faustina aliwatazama wale watu wote wakimcheka, akaelewa sawasawa Marcelino alikuwa ameonaje kule juu. Akajitupa, akakivuta kifuko kutoka chini ya khanga, karai la viazi likamwagika, na hakugeuka kutazama.

Kupanda kulimtoa roho. Hakufika mbali. Wakata mbao wawili walikuwa wakiteremka na Marcelino mgongoni kwa mmoja wao, Nusrat nyuma yao akilia na viatu mkononi. Wakamlaza. Faustina akamwekea dawa mdomoni, mara ya kwanza akakosea, mara ya pili ikaingia kidogo. Macho ya Marcelino yalikuwa wazi, hayamtazami mtu.

Hospitalini walimwekea oksijeni. Daktari alisema kwa ufupi kwamba wangechelewa kidogo tu wangekuwa wanaongea mengine.

Kesho yake jioni, saa ya kuona wagonjwa, Faustina aliingia wodini na uji kwenye chupa. Alikuwa amejiandaa kwa lolote. Alitaka atukanwe, aitwe muuaji, mla mbwa, ukoo wake wote utajwe mmoja mmoja. Marcelino alikuwa amekaa kitandani, amekonda kwa siku moja.

"Mngoni gani hajui kufa hata akisaidiwa?" alisema Faustina. Aliyasema hayo maana hakujua namna nyingine ya kumwomba mtu huyu msamaha.

Marcelino alimtazama kwa upole. Hapakuwa na hasira usoni mwake. Ingekuwepo hasira, ingekuwa nafuu.

"Shikamoo, dada Faustina," alisema. "Asante kwa kuja. Asante na kwa uji."

Hakuwa amewahi kumwamkia hivyo tangu wajuane. Nusrat aliinamisha kichwa, akawa anakunja shuka ambayo ilikuwa imeshakunjwa.

"Nitukane, Marcelino," alisema Faustina. "Nakuomba. Hata kidogo."

"Hapana, dada," alijibu, akamsogezea kiti. "Karibu ukae."