Mshauri Asiyetaja Ugonjwa

Mwanatumu alikuwa muuguzi wa nusukaputi, na hakuwa ameajiriwa na hospitali yoyote. Kliniki za upasuaji za Dubai zilimwita zilipomhitaji. Aliwalaza wagonjwa usingizi, akawalinda mpaka wakaamka, akalipwa kwa kazi ile tu. Alipoacha ajira alifurahi kuwa huru, lakini alijua kwamba hana tena likizo ya ugonjwa wala kiinua mgongo. Binti yake Muna alikuwa ndiyo kwanza ameanza chuo Mombasa. Kwa hiyo alimwomba Mungu amwongoze kwa mshauri wa fedha aliye mwaminifu.

Kwanza alikwenda kwa Ibtihal, mwanamke wa ukoo wa Kizanzibari aliyekuwa na chumba cha ofisi mtaa wa Al Mankhool, juu ya duka la mapazia. Ibtihal aliwashauri wahudumu wa afya wa mikataba peke yao, na alitoza ada hata kwa mazungumzo ya kwanza.

"Bi Mwanatumu, unafanyia kazi mkono gani?"

"Wa kulia."

"Ukiharibika huo, mtakula nini?"

Mwanatumu alishtuka. "Astaghfirullah! Dada, mbona waniombea mabaya?"

"Sikuombei, nakuuliza. Na ukifa mwezi ujao, Muna atasomeshwa na nani?"

Huko alikolelewa Mwanatumu, mtu hataji maradhi juu ya mwili wa mwenzake bila kusema kwanza, "Mungu apishilie mbali." Ibtihal hakusema. Alikuwa anaandika tu, tena kwa haraka, kama karani wa bandari. Mwanatumu alilipa ada, akashuka ngazi huku akisoma ayatul kursi.

Alipomsimulia Fortunate, Mganda aliyeishi naye chumba kimoja, Fortunate alicheka mpaka akaweka pasi chini.

"Na wewe? Si unawauliza wagonjwa kama kuna ndugu yao aliyefia kwenye nusukaputi?"

"Mimi naanza na Mungu apishilie mbali."

"Eh! Basi mama, tafuta mshauri anayejua kuanza."

Akampata. Famau alikuwa mtu wa Lamu, mpole, mwenye kanzu iliyonyooshwa vizuri. Alikuja na halua, akafungua mazungumzo kwa dua ndefu, akawaombea rehema wazazi wa Mwanatumu kwa majina yao. Ushauri wake ulikuwa bure. Alimweleza mpango wa akiba: kila mwezi anaweka fungu lake, na akifika uzeeni anachukua.

"Na nikizihitaji pesa hizo kabla ya hapo, kaka Famau?"

"Utazihitaji ya nini, dadangu? Mtu mzima na afya yako! Inshallah kheri."

Mwanatumu alilichukua neno lile kuwa jibu. Alitia sahihi, na kwa mara ya kwanza tangu aache ajira alilala bila wasiwasi.

Mwaka wa pili ulipoanza, kidole gumba cha mkono wa kulia kikaanza kufa ganzi. Alidhani ni uchovu. Kisha siku moja, akiwa ameinua taya la mgonjwa ili hewa ipite, mkono ukalegea. Aliwahi kubadilisha mkono na mgonjwa hakudhurika, na jioni ile ile Mwanatumu alikwenda kutazamwa. Daktari wa mifupa alimwambia kuna mshipa wa fahamu uliobanwa kwenye kifundo cha mkono. Apasuliwe, kisha apumzike miezi kadhaa.

Alimfuata Famau ofisini kwake.

"Kaka, nataka akiba yangu. Mkono umeharibika."

"Pole sana, dadangu. Lakini ukitoa sasa, kampuni inakata gharama zake kwanza. Hutabakiwa na kitu cha maana."

"Hukuniambia."

"Hukuuliza."

"Niliuliza! Ulisema inshallah kheri."

"Na kheri ipo. Yalla, haya, tuvute subira."

"Wewe umepata chako?"

Famau aliitengeneza kofia yake. "Kampuni ilinilipa ulipotia sahihi. Ndiyo kazi yetu, dada. Nitakuombea."

"Usiniombee," alisema Mwanatumu. Alipofika barabarani alimwomba Mungu msamaha kwa neno hilo, lakini hakurudi kulifuta.

Kisha alimeza aibu, akampigia Ibtihal. Ibtihal hakumcheka.

"Ipo bima ya kipato, ya watu wanaojitegemea kama wewe. Ndiyo niliyotaka kukuandalia. Sasa haiwezekani, haichukui ugonjwa ulioanza tayari."

"Hakuna njia yoyote?"

"Kwa hilo, hapana. Uzuie malipo ya ule mpango kabla hujazama zaidi. Kwa hili sikutozi."

Huruma ile ilimuuma kuliko ada.

Wiki ile ile, kliniki moja ilimwita. Kodi ilikuwa imefika, na ada ya chuo ya Muna haikuwa imelipwa. Alisali, akaufunga mkono bandeji nyembamba chini ya glavu, akaenda. Mgonjwa alikuwa mama wa makamo aliyekuja kutolewa uvimbe.

"Sister, utakuwa nami mpaka mwisho?" mama alimuuliza.

Mwanatumu alijaribu kushika barakoa ya hewa. Kidole gumba hakikukaza. Angeweza kujidai kwa dakika chache, na pengine Mungu angemsitiri tena. Aliirudisha barakoa mahali pake, akamwita daktari mpasuaji, Thamer.

"Daktari, mkono wangu haufai. Siwezi kumlaza huyu."

"Unaniambia sasa? Mgonjwa yuko mezani!"

"Nisamehe."

"Khalas, basi. Nenda. Na waambie mapokezi walifute jina lako."

Alivua glavu, akatoka, akakaa kwenye benchi la ukumbini. Alimpigia Muna.

"Mama! Mbona saa za kazi?"

"Muna, muhula huu usijiandikishe."

"Mpaka lini?"

Muuguzi mwingine, aliyeitwa kushika nafasi yake, alifika mbio kutoka kwenye lifti, nywele zikiwa bado hazijaingia kwenye kofia, akamwuliza kwa haraka chumba cha upasuaji kiko wapi. Mwanatumu alimwonyesha kwa mkono wa kushoto.