Majina Sita ya Mzee Tolliver

Kila asubuhi Gaudiose, mtunzaji wake, alipomnyoa ndevu, Mzee Tolliver alifumba macho na kutaja majina sita. Clarence. Otis. Lamar. Willie. James. Hosea. Aliyataja taratibu chini ya povu, kisha akageuza shavu la pili. Mwaka mzima Gaudiose aliyasikia mpaka akayajua kwa moyo, wala hakuuliza. Angeuliza nini? Mtu wa miaka tisini na tisa akitaja majina huku amefumba macho, hao ni marehemu.

Mengine alijua. Alijua kwamba mwezi wa sita mwaka 1944, mzee akiwa kijana wa miaka kumi na tisa, alikuwa dereva wa yale malori ya jeshi yanayokwenda majini na nchi kavu, siku maelfu ya meli yalipovuka kwenda kuikomboa Ufaransa. Alijua pia kwamba zamani sherehe za mashujaa zilimpita mlangoni kwa sababu ya weusi wake. Siku hizi zinamwita kila mwaka, na yeye hataki kusikia. Mwaka huu watu walimpigia simu kutoka Dallas, wakimwomba akakae jukwaani. Binti yake Loretta, mwalimu mstaafu wa Sugar Land, alijibu simu, akamtazama baba yake, akaona kichwa kinatikisika. "Hapana," akawaambia, kama mwaka jana na mwaka juzi.

Sasa Gaudiose, Mrundi na Mkatoliki wa kutoka tumboni, jambo hilo la majina lilimkera. Kwao marehemu haachwi hivi hivi. Anasomewa misa kwa jina lake, kanisa zima likisikia. Sita hawa walikuwa na nani, zaidi ya mzee mmoja na povu lake? Basi Jumapili ya kabla ya kumbukumbu ya vita hivyo alifika mapema kwenye misa ya Kiswahili, akamwendea Josiane, yule Mkongomani wa kwaya anayeandika nia za misa, yaani majina ya kuombewa, na kujiona nusu padri.

"Mama Ella, leo uko na watu wangapi?" Josiane akamwuliza Gaudiose, akimwita kwa jina la mwanawe.

"Andika watano. Si wangu, ni wa mzee wangu wa kazini. Walikufa vitani."

"Walikuwa Wakatoliki?"

"Josiane, wamekufa. Andika."

"D'accord, sawa. Nita-type."

Watano, si sita, kwa sababu jina la James, Gaudiose alikuwa amelikata mwenyewe kwa kalamu kwenye karatasi yake, mistari miwili. Chupa zote za dawa za mzee ziliandikwa James H. Tolliver. Bila shaka mzee alijitaja katikati ya wenzake kwa mapenzi tu, na kumsomea misa ya wafu mtu aliye hai, Mungu apishe mbali! Alijipongeza kwa kuwa makini. Majina matano yakasomwa, akapiga goti, akatoka kanisani mwepesi.

Jumatatu, akiwa na wembe mkononi, akamweleza mzee kwa kile Kiingereza chake cha kujikongoja. Jana tumewaombea watu wako. Wote. Akavuta karatasi mfukoni, akasoma: Clarence, Otis, Lamar, Willie, Hosea.

Mzee akafumbua macho. "Na James?"

"James si wewe, Mzee?"

"James ni James Pettway, wa Galveston." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Kikosini tulikuwa akina James wawili. Sajini alichoka kutuchanganya, akaanza kuniita kwa jina langu la pili. Mpaka vita vinaisha nilikuwa Hosea."

Gaudiose akatazama chupa za dawa pale dirishani. H. Mwaka mzima alizifungua asubuhi na jioni, na ile H ikimtazama. Akauweka wembe chini. Marehemu amemwacha nje, na huyu anayepumua mbele yake, mwenye povu shavuni, amemsomea pamoja na wafu.

"Nisamehe," akasema. "Mzee, nisamehe sana."

Mzee hakukasirika, na hapo ndipo Gaudiose alipoogopa. Alimpapasa tu mkono na kuomba amalizie shavu. Mchana mzee hakula. Jumanne alikunywa chai vijiko viwili. Jumatano akasukuma uji, akasukuma supu, akageukia ukuta. Loretta alisema ni joto. Nesi akaja, akapima, akasema ni umri. Gaudiose alijua sababu ni yeye. Nyumbani, mumewe Herménégilde alimwambia aache ushirikina, lakini wote wawili walijua kwao ingesemwaje: aliye hai akisomewa na wafu, ameitwa kaburini.

Alhamisi, tarehe sita, televisheni ilionyesha wazee wa rika la mzee wakisukumwa kwenye viti vya magurudumu ufukweni kule Ufaransa. Gaudiose alikaa kando yake na bakuli la ndizi za kuponda. Mzee alitazama bahari ile kwa muda, halafu akaanza kusema, bila kuulizwa.

Zamu ya usukani wa lori ilikuwa yake. Lakini bahari ilichafuka, naye alikuwa amelala kwenye sakafu ya meli iliyobeba malori, anatapika mpaka nyongo, hawezi kusimama. James Pettway akamvua kofia, akaivaa, akamwambia lala Hosea, utaendesha safari ya pili. Lori likashuka majini likiwa na mzinga mzito na watu wake, wakiwemo wale wengine wanne. Halikufika ufukweni. Hosea aliliona likizama, amejishika kwenye chuma cha meli.

"Miaka themanini leo," mzee akasema. "Sijamwambia hata mama yake Loretta. Ndiyo maana usihangaike, binti yangu. Hukukosea. Umeweka jina langu pale lilipotakiwa kuwa. Liache."

Gaudiose alikasirika, mwenyewe akashangaa jinsi alivyokasirika. Akaweka bakuli mezani kwa kishindo.

"Siliachi! Mimi kila mwaka nawaombea watu kumi na wanne wa kwetu. Kumi na wanne, Mzee! Nalia, kisha narudi nyumbani nakula, nashiba. James alikwambia ulale, hakukwambia ufe. Fungua mdomo."

Mzee alimtazama kama askari anayemtazama sajini. Akafungua mdomo. Kijiko kimoja, halafu kingine.

"Na Jumapili unakuja kanisani kwetu," Gaudiose akaongeza. Mzee hakusema ndiyo, ila hakutikisa kichwa.

Siku hiyo hiyo alimpigia simu Padri Gelasius wa misa ya Kiswahili, Mhaya mwenye mahubiri marefu na moyo mwepesi, akamsimulia yote huku analia. Padri akacheka kwa upole.

"Mama Ella, unadhani Mungu anasubiri karatasi ya Josiane ndipo ajue nani yuko wapi? Tulia."

"Mungu najua, Padri. Lakini watu walisikia. Na yeye mzee ameamini. Nataka asikie tena, kwa sauti."

Padri akaacha kucheka. "Mlete," akasema.

Jumapili Loretta aliendesha gari kutoka nyumbani kwao Stafford, midomo imekazwa, kwa kuwa sasa naye alikuwa ameambiwa habari ya James na lile lori. Walimweka mzee mbele, kando ya akina mama wenye vitenge, ambao walimsalimia shikamoo mmoja mmoja kana kwamba wamemjua tangu zamani. Wakati wa nia ukafika. Padri alisoma kwanza jina la marehemu mmoja tu, James Pettway, na akalisoma mara mbili, kwa sababu kanisa lilikuwa na deni lake la Jumapili iliyopita. Loretta akaushika mkono wa baba yake. Kisha Padri akainua macho kutoka kwenye karatasi.

"Na tunamshukuru Mungu," akasema, "kwa ajili ya Hosea Tolliver, ambaye yu hai."

Kanisa likalipuka vigelegele. Josiane mwenyewe, aliyeandika nia zote mbili, alipiga kwa nguvu kuliko wote. Mzee aligeuka huku na huku, amepotea katika kelele zile. Alikuwa ameelewa jina tu.

"Padri alisema nini baada ya jina langu?" akauliza.

Gaudiose akainama sikioni pake, akamfasiria.

"Sema tena."

Akasema tena. Machozi yalikuwa yanamtiririka mzee kwenye mashavu, wala hakuyafuta.

"Sasa nifundishe kama alivyosema yeye."

"Hosea yu hai," Gaudiose akasema.

Mzee akavuta pumzi, akakaa wima kitini. Akayatamka kwa ulimi wake wa Texas, vibaya kabisa, kwa sauti iliyofika mpaka mlangoni: "Hosea yu hai."