Hesabu Zilizotumwa Kimya Kimya

Buthaina alikuwa ofisini kwake Qurum, kikombe cha chai mkononi, simu ilipoleta ujumbe wa Loai, yule mhandisi kijana aliyeshika kazi ya nyumba ya mtaani Mabela baada yake.

"Shukran dada, hesabu zako nimezipata. Dari inabeba watu bila wasiwasi. Bwana Mahfoudh kafurahi, hina ya binti yake wanaifanya huko juu ya dari leo alasiri. Na tangu tulipoutoa ule ukuta wa kati, majlisi ya kupokelea wageni imekuwa pana, mashaallah."

Chai ilimmwagikia mapajani na wala hakuihisi. Ukuta wa kati! Boriti kubwa ya dari ile imelala juu ya ukuta huo huo. Hesabu zilisema dari ni imara, kweli, lakini ni kwa kuwa chini yake mna ukuta. Na sasa wanawake wamepanda juu na ngoma zao.

Msimcheke kwa hili ninalowaambia. Alipoacha kazi ofisi yake ya zamani, Buthaina alitia saini kwamba hesabu za michoro ni mali ya ofisi, asimpe mtu. Ukivunja sharti, mahakama, na leseni uiage. Loai alipomwomba hesabu hizo, roho ilimsuta. Ofisi ile ilikuwa imemzungusha kijana wa watu mpaka kachoka, na mtu anayejenga juu ya kazi ya mwenzake bila kuijua anapapasa gizani. Buthaina akaona ni haki ampe. Ila alimpa kiwoga. Zile kurasa alizituma bila hata neno moja, na Loai alipopiga kuuliza zinasomwaje, hakupokea, akichelea sauti yake isije ikarekodiwa. Mtu mzima na shahada zake, anaificha simu chini ya mto!

Sasa zamu yake kupiga. Loai hapokei. Mahfoudh hapokei. Nani asikie simu siku ya hina? Akatia gari moto. Njia nzima, kila alipofunga breki aliona vumbi la zege linapanda angani mbele yake. "Ya Rabbi, nifike kwanza," alikuwa akisema. "Nifike kwanza, mengine baadaye."

Mabela magari yamejaa mpaka kwa majirani. Vigelegele vilikuwa vikitoka juu. Chini, Mahfoudh mwenyewe, mwenye nyumba, alikuwa akiusukuma kwa bega mlango wa kioo wa majlisi, Loai kando yake.

"Umekwama ghafla," Mahfoudh alisema. "Asubuhi ulikuwa ukiteleza vizuri tu."

Buthaina akatazama juu ya mlango. Dari imeinama. Imeukalia mlango.

"Tokeni hapo chini, nyote wawili! Loai, tafuta vyuma vya kuegemeza dari!" Akapanda ngazi mbio.

Juu, wageni walikuwa wameketi kwenye mito kandokando, kati wameacha wazi. Kwao mgeni haachwi kusimama mlangoni. Bi Shaikha, mama yake Mahfoudh, alipomwona akainuka na mikono yake miwili mbele. "Karibu, mhandisi wetu! Karibu, mwanangu!" Na wanawake wakainuka nyuma yake, wakaanza kuja kumpokea, wote, kupitia katikati.

"Msije!" Buthaina alipiga ukelele. "Rudini pembeni! Bibi, usinikaribie!"

Ngoma ikanyamaza. Mkono wa Bi Shaikha ukabaki hewani.

"Hata salamu?"

"Hata salamu, bibi. Shukeni. Fuateni ukuta, mmoja mmoja. Dari hii itaanguka!"

"Kaingiwa na nini huyu?" mtu aliuliza, wengine wakacheka. Bi Shaikha hakucheka. Uso ulimwiva kwa hasira.

"Haya, tushukeni," alisema. "Tumeshafukuzwa mbele za watu, tunangoja nini tena?"

Wakashuka wamenuna, wakimpita bila kumtazama. Buthaina alijibana ngazini, macho hayabanduki pale kati. Kigae kimoja kikapasuka, ta! Waliobaki wakaacha kununa, wakaharakisha. Bi Shaikha alishuka wa mwisho.

Uani Mahfoudh alikuwa amemkamata Loai kwa maneno.

"Hesabu zilisema nzima! Nani kakupa hesabu hizo? Nataka jina, nimpigie wakili sasa hivi!"

Loai alikuwa mweupe kama karatasi. Akaangalia chini. "Nimezipata tu, bwana."

Kijana alikuwa akimsitiri. Buthaina alihitaji kunyamaza tu, basi, na Loai angebeba yote peke yake. Akafikiria mahakama. Akafikiria miaka yote aliyosoma.

"Mimi," akasema, na sauti ikamtoka nyembamba. "Mimi niliyezipiga na mimi niliyezituma. Aliuliza maana yake, nikakataa kupokea simu."

Bi Shaikha, aliyekuwa amempa mgongo, akageuka.

"Na kwa nini hukusema naye, mwanangu?"

"Nliogopa, bibi."

"Na sasa?"

"Sasa nnaogopa zaidi," Buthaina alisema, akamsomea Mahfoudh namba ya ofisi yake ya zamani, apige awaambie nani kazitoa hesabu zao.