Programu Aliyoiacha Jenipha

Nilijisifu mno, hilo nalikubali. Mimi Masalu, Msukuma wa Geita, nilikuja huku kutafuta dhahabu, dhahabu ikanikataa, nikafungua duka la kuchapa na kutoa kopi Nyamwaga. Tangu niweke msaidizi wa akili mnemba kwenye kompyuta yetu moja, kila mteja alilazimika kusikia habari zake. Unamwandikia shida yako kwa Kiswahili, anaitafuta mwenyewe. Kilichonipa kiburi zaidi ni zana niliyomwongezea: aliweza kuorodhesha kila programu inayofanya kazi ndani ya kompyuta, nani kaianzisha, tangu lini, na inakula nguvu kiasi gani.

"Sasa hata Jenipha akiolewa Dodoma sitalia," nilikuwa natania mbele za watu. Jenipha ndiye ninayefanya naye kazi, na mashine anaijua kuliko mimi. Alikuwa anacheka, lakini si sana.

Alhamisi hiyo yeye alikuwa Kenyamonta kwenye msiba wa shangazi yake. Mimi nilikuwa na foleni mpaka nje, vijana wa Genkuru waliokuja kujaza fomu za kazi mtandaoni, mwisho saa kumi jioni. Kufika saa tisa kompyuta ilikuwa inajikokota, fomu moja dakika ishirini.

"Masalu, hiyo akili yako imelala?" akauliza Nashoni, aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni. Wenzake wakaangua kicheko.

Nilimwandikia msaidizi atafute sababu. Akaleta orodha, mistari arobaini na kitu, na chini yake akaandika: "Programu moja inatumia karibu nguvu yote. Imeanzishwa na Jenipha, ina saa thelathini na moja. Orodha hainionyeshi ni ya kazi gani. Nashauri umuulize kabla ya kuizima."

Simu ilikuwa mfukoni. Kenyamonta mtandao upo, asubuhi hiyo tu Jenipha alikuwa amenitumia salamu. Lakini nimpigie mbele ya Nashoni, baada ya maneno yangu yote yale? Niliona haya. Nikaandika: zima.

Kompyuta ikawa nyepesi. Fomu zikaenda, vijana wakanishukuru, nami nikavimba kichwa.

Nilikuwa najiandaa kufunga alipoingia Mama Wegesa, anayelima migomba ng'ambo ya barabara. Mgongoni alikuwa amembeba mjukuu wake, Gati, mtoto wa wiki sita.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mura," akaniita kijana kwa Kikurya. "Sauti ya Waitara imetoka?"

Sikuelewa. Akanieleza polepole, kama mtu anayehofia kusumbua. Waitara, mwanawe, alifukiwa na kifusi akafa duarani, kwenye shimo la dhahabu, mkewe akiwa mjamzito. Katika simu yake alikuwa amerekodi nyimbo, akimwimbia mtoto aliyekuwa tumboni, huyu Gati. Kadi ya kumbukumbu ya simu ile iliharibika, na Jumatano asubuhi Mama Wegesa akamletea Jenipha. Jenipha akaichomeka kwenye kompyuta na kuweka programu ya kuokoa sauti, kazi ya polepole, akamwambia arudi Alhamisi jioni.

Hapo nikakumbuka. Akiondoka kwenda msibani, Jenipha aliniambia kuna kitu kinaendelea kwenye mashine. Nilikuwa nabishana na mteja, nikamwitikia tu.

Nikaichomoa kadi na kuichomeka upya. Kompyuta haikuiona. Nilijaribu mara tano. Nikamweleza msaidizi yote, akajibu kwamba programu ile huhifadhi kazi yake mwishoni, kwa hiyo hakuna kilichobaki, na kadi haisomeki tena.

"Vipi, mwanangu?"

Kuizima nilifanya kwa haraka na majivuno. Hili la pili nilikuwa na muda wa kulifikiria, na nililifanya nikimtazama usoni.

"Mama, Jenipha hakuiweka vizuri. Imepotea."

Akamzungusha mtoto mbele, akamfunika vizuri kwa khanga, akamtazama kwa muda mrefu. Nilitamani anitukane, anitupie hata kiti.

"Basi," akasema. "Hakukusudia. Mwambie nimemsamehe. Asije akaogopa kupita kwangu."

Akaniaga kwa heshima, akavuka barabara. Nilijiambia nimfuate. Nilisimama mlangoni nikijiambia hivyo mpaka akaingia kwake, nikaona aibu sijapata kuiona. Ijumaa nilimwona shambani kwake anakata majani ya migomba, akanipungia mkono, nami nikampungia.

Jumamosi Jenipha akarudi. Hata begi hajatua, akauliza foleni ya Alhamisi ilikwendaje. Nilikuwa nimepanga maneno yangu tangu alfajiri, lakini kilichonitoka kwanza kilikuwa kile nilichotumwa.

"Mama Wegesa amesema amekusamehe."

Jenipha akatabasamu, akidhani ni utani wangu wa kila siku.

"Amenisamehe nini, bosi?"