Mkoba Unaokula Jua

Bi Pindo alikuwa amewashonea suruali watu wa mji mzima kwa miaka arobaini kabla ya kustaafu na kuanza kupanda milima. Paneli ya sola aliishonea mwenyewe nyuma ya mkoba wake wa mgongoni, mishono saba, kwa uzi ambao panya aliujaribu akaomba radhi. Waya uliingia mfuko wa pembeni, ilimokaa simu ya msafara yenye ramani.

"Simu ikizimika, mama, hii ndiyo safari yako ya mwisho nasi," kiongozi wao, waliyemwita Kapteni, alimwambia siku ya kuondoka.

Siku ya pili, saa tisa mchana, ikazimika. Jana yake mawingu yalitanda, na Kapteni mwenyewe aliitumia kurekodi kila kipepeo. Njia ilikuwa imepotelea kwenye nyasi za kiunoni, na gari la kuwarudisha lingeondoka saa kumi na moja.

"Twendeni mbele," akasema Kapteni.

Mbele kulikuwa na jua, limewakodolea macho. Paneli iko nyuma! Bi Pindo akauhamishia mkoba kifuani. Kilo kumi na mbili zikamwinamisha, paneli ikatazama udongo. Basi akaurudisha mgongoni, akalipa jua kisogo, akaanza kutembea kinyumenyume.

"Wifi, umerogwa?" akauliza wifi yake, nesi mstaafu, aliyekuwa akimfuata.

"Nishike mikono, uniendeshe."

"Nimeendesha machela miaka thelathini, sijawahi kuendesha mkaidi. Kushoto. Jiwe hilo, inua kisigino. Hata siku ya harusi ulitembea hivihivi."

"Siku hiyo nilikuwa namkimbia kaka yako."

Wenzao walicheka mpaka wawili wakakaa chini. Kisha mkoba ukatetemeka. Wifi akatia mkono mfukoni.

"Asilimia moja."

Kicheko kikakatika kama uzi mbovu.

"Mbili."

Sasa msafara mzima ulimzunguka, wanatembea ubavuubavu kama kaa, hakuna anayethubutu kumziba jua. Moyo wa Bi Pindo ulikwenda mbio kuliko cherehani.

"Tatu. Inawaka. Ramani hii hapa." Wifi akaigeuza simu, akaigeuza tena. "Kapteni, huko unakotupeleka hakuna gari. Kuna korongo. Gari liko kule."

Akaelekeza kidole nyuma yake, kulekule ulikotazama uso wa Bi Pindo.

Watu kumi na wanne wakageuka. Bi Pindo hakuwa na haja ya kugeuka.

"Kumbe nyie mlikuwa mnaenda wapi?" akauliza, akatangulia, mkoba unakula jua na miguu imepata raha.

Saa kumi na nusu paa la gari likametameta bondeni. Kapteni akamfikia, anahema.

"Mama, kuhusu safari ijayo..."

"Safari ijayo utakaa nyuma yangu," akasema Bi Pindo. "Ila usinisogelee sana, utanitilia kivuli."