Foleni ya Madumu

Dumu tupu liligonga mwimo wa mlango, likatoa mlio mmoja mzito, mfano wa mtu anayeguna usingizini. Loyce akafumbua macho gizani. Alisikia nyayo zikivuka ua, kisha upepo wa Oktoba ukazifuta. Ubavuni mwake Eliana, binti yake wa miaka minne, alijigeuza, akatamka neno la ndotoni lisilo na kichwa wala miguu, akatulia.

Chediel anakwenda kushika foleni ya maji, Loyce aliwaza, akajifunika tena usingizi. Hilo halikuwa jambo la kumwamsha mtu. Katika kitongoji chao, nyuma ya mawe makubwa ukitokea Kinyangiri, kiangazi kikikolea watu hawasimami bombani. Husimama madumu yao. Unaliweka lako nyuma ya la mwenzio, jina lako likiwa ubavuni kwa rangi au kwa chuma cha moto, nawe unakwenda zako shambani, msibani, hata kujifungua. Ukirudi, nafasi yako unaikuta. Wapo majirani wanaonyimana salamu mwaka wa pili sasa, lakini hajatokea mtu wa kulitoa dumu la mwenziwe kwenye mstari.

Usingizi ulirudi nusu, na katika nusu hiyo akamwona mdogo wake alivyokuwa uchaguzi uliopita. Chediel ndiyo kwanza alikuwa ametimiza umri. Alirudi kutoka kituoni na shati la kuazima, kidole kidogo cha kushoto amekitenga na wenzake, na kwa siku nyingi akawa ananawa kwa hadhari ili wino usimtoke. Waliambiwa maji yatakuja. Na kweli kisima kilichimbwa, ila ardhi ikatoa maji ya chumvi, ng'ombe wenyewe wakayanusa na kugeuza shingo. Wazee walisema mwamba una tabia zake, hakuna wa kulaumiwa. Chediel naye hakulaumu. Alinyamaza tu, akawa mithili ya redio iliyoishiwa betri, ipo mezani na haipo.

Ukimya huo ndio uliomtisha dada yake. Mwenye hasira bado ana kitu anachokitaka. Mama yao alipofariki, Loyce mwenyewe akiwa msichana tu, alimlea Chediel kwa uji na makofi machache, na sasa alikuwa akimwona anaondoka huku ameketi palepale kwenye kigoda. Msimu huu hakuligusa shamba la alizeti. Alipoulizwa atalisafisha lini, alijibu, "Kwani nitakuwepo, dada?" Kulikuwa na lori la vitunguu litakalopita jioni ya siku hiyo inayokucha, siku ya kura nyingine, na dereva alikwisha kukubali kumchukua. Alikuwa haendi kutafuta kitu. Alikuwa anaondoka tu, kama moshi unavyoondoka.

Loyce hakuwa mtu wa vyama na rangi zake. Alikuwa na kipimo chake kimoja: anayejali nani ataongoza mahali, huyo bado anaishi hapo. Kwa hiyo wiki nzima alimbembeleza waende pamoja kupiga kura, akamkumbusha hata ule msemo wa mama yao, kataa neno usikatae wito. Chediel alimjibu kwa upole uliouma kuliko tusi.

"Wito niliuitikia, dada. Nilifika kituoni kabla ya wenye meza."

Kulipopambazuka alimfunga Eliana mgongoni, akashika njia ya shule. Vumbi lilikuwa bado limelala. Mawe yaliegemeana kwa mbali, ya waridi kwa mwanga mchanga, na Loyce akawa anatembea kwa wepesi wa mtu ambaye mwili wake umetangulia na roho inafuata nyuma. Alipofika kwenye uzio wa shule alisimama, akadhani bado yumo kitandani.

Kuanzia darasa lililofanywa kituo hadi ng'ambo ya lango yalikuwa yamepangwa madumu. Madumu ya njano, moja nyuma ya jingine, midomo wazi. Upepo ulipopita juu ya midomo ile yakavuma kwa pamoja, sauti ya chini, laini, kana kwamba watu wengi wanaitika mbali bila kufumbua vinywa.

Mbele ya wote, kwenye kigoda, aliketi Bibi Febronia, jirani yao. Loyce alimwamkia shikamoo, na baada ya marahaba akapewa habari yote. Bibi alilileta dumu lake jana jioni kushika nafasi, jinsi afanyavyo bombani. Nani angemwambia kwamba kura haishikiwi hivyo? Vijana wakapita, wakacheka hadi wakashika mbavu. Enock wa bodaboda akaleta na lake, eti limwangalizie matokeo. Mwingine akaleta, na mwingine, hadi alfajiri. Sasa hapakuwa na aliyejua kama huo ni mzaha au ni ahadi, na pengine wenyewe hawakujua. Mgambo alikwisha kumwambia Bibi kwamba wazee hawapangi foleni, aingie tu, naye akakataa katakata.

"Nimelala roho juu kwa ajili ya nafasi yangu," alisema, "halafu leo ananipa ya bure."

Loyce alitembea kando ya mstari akisoma. Herufi alizijulia ukubwani, kwenye madarasa ya jioni, na bado kila jina lilimfungukia kama mlango. Miraji. Rebeka. Enock. Rika lake na wadogo zake, wote wapo na hawapo. Kisha, mbele ya dumu la Janeth, msichana wa kitongojini, akaona lile lenye herufi C ya chuma cha moto na mpini uliofungwa kamba ya katani. Aliligusa kwa vidole, lilikuwa na ubaridi wa alfajiri.

Kituo kilipofunguliwa msimamizi aliamuru vyombo vitoke, navyo vikahamishiwa kwenye uzio kwa mpangilio ule ule, maana nani angethubutu kuuvuruga? Wazee wakaingia. Loyce, akiwa na mtoto, alipitishwa mapema, akatoka na wino kidoleni. Enock alikuwa ndiyo anazima pikipiki, amesimama karibu na dumu lake kwa haya za bwana harusi.

"Limenisumbua, dada Loyce," alisema akitazama chini. "Nililiona limesimama peke yake kama yatima."

Wengine walikuja wakapanga foleni pale uzioni, kila mmoja penye dumu lake. Wengi hawakuja. Jua lilipanda bila kumsubiri yeyote.

Nyumbani alimkuta Chediel ameketi ukutani, miguu ameinyoosha, begi limefungwa kando yake. Loyce alimshusha mtoto.

"Nimeliona dumu lako."

"Mzaha tu. Kila mtu aliweka."

"Janeth yuko nyuma yake. Foleni ikisogea analisukuma kwa mguu, hataki kulipita."

"Si aliruke," alisema Chediel.

"Kila anayemwambia aliruke anamuuliza, wewe ungeliruka?"

"Mjinga yule," alisema Chediel, bila ukali wowote, akawa anavitazama viganja vyake.

Maneno ambayo Loyce alikuwa ameyaandaa wiki nzima yalimjia yote kwa mkupuo, na kwa mshangao wake akaona hayataki tena. Alikuwa amemswaga huyu kama mbuzi, siku baada ya siku, na mbuzi anayeswagwa hatazami majani, hutazama fimbo. Alijiona mwepesi ghafla, na huzuni yake nayo ikawa nyepesi.

"Kama lori unalifuata, mdogo wangu, nitakukaangia karanga za njiani," alisema. "Usiende na njaa."

Chediel aliinua uso akamtazama dada yake kwa muda mrefu, ila Loyce alikuwa ameshainama kuingia jikoni. Akapuliza moto. Moshi ulizunguka mara mbili tatu ukitafuta tundu, ukalipata, ukatoka kuelekea jua. Akamimina karanga kwenye kikaango, akazikoroga polepole, akasikiliza zikipasuka, na hakutaka kusikiliza kingine. Kutoka upande wa shule upepo ulikuwa ukileta sauti za watu, halafu ukizichukua.

Eliana alisimama mlangoni, mguu mmoja kivulini na mwingine juani.

"Mama," alisema, "mjomba ananawa uso. Anauliza foleni imefika wapi."