Jani la Kona

Mtaalamu wa programu alileta kwenye karakana yetu mashine ya kudarizi inayofundishwa kwa picha. Huandiki kitu. Unapanga visanduku kwenye skrini, hiki cha jani, hiki cha kugeuka, nayo inashona. Alisema mmoja wetu atabaki naye kuirekebisha mpaka ifuate akili za wadarizi. Akamchagua dada yangu, maana anasoma haraka na hana haya.

Nikaona wivu. Mimi nina miaka minne na sindano, dada miezi sita. Lakini aliyeitwa mwalimu ni yeye.

Kisanduku cha kurudia kiliwasumbua. Kilitaka namba: majani mangapi? Dada akaweka kumi na tatu. Kitambaa kikaisha, jani la mwisho likashonwa hewani.

Nyumbani, tukiosha vyombo, nikamwambia, "Sisi hatuhesabu, dada. Tunashona mpaka pindo."

Kesho yake nikamsikia akilisema hilo kwa ile sauti yake nzuri. Mtaalamu akacheka kwa furaha, akachora kisanduku kipya chenye picha ya ukingo wa kitambaa. Dada hakunitazama hata kidogo.

"Sasa, mwalimu, tukifika kwenye kona mkono unafanya nini?"

Dada akanigeukia. Jibu nilikuwa nalo. Nikainama, nikajifanya natafuta tundu la sindano.

"Mdogo wangu."

"Abee."

"Kwenye kona tunafanyaje?"

"Si wewe ndiye mwalimu?"

Wenzetu wakaangua kicheko. "Kumbe Kimya ana ulimi," mmoja akasema, kwa jina walilonibandika.

Mtaalamu alitutazama mimi na dada, kisha akaniletea kishikwambi. Nikachora kwa kidole jani lililolala mshazari.

"Hili ndilo la kwanza," nikasema. "Tunashona kona zote nne. Halafu tunajaza katikati, kutoka kona mpaka kona."

"Kumbe mnaanzia ninapomalizia mimi." Akafikiri kidogo. "Na lile wazo la pindo lilikuwa la nani?"

"Lake," dada akajibu, akinionyesha mimi. "Mimi nilitoa mdomo tu."

Mtaalamu akaniita mbele ya skrini. Dada akainuka. "Haya, mwalimu, karibu."

Kiti kilikuwa bado na joto lake. Nikakaa katikati, nikafurahi, wala sikumsogezea nafasi.